Tone Juu ya Kucha

Bi Kucha aliinamisha chupa, akadondosha tone moja la maziwa juu ya kucha ya dole gumba, akaliangalia likikimbia. Halikusita hata kidogo. Liliteleza kama limeitwa mahali, likaishia kwenye ngozi ya kidole, na nyuma yake halikuacha hata alama nyeupe. Akaipangusa kucha kwa pindo la nguo, akajaribu tena. Tone la pili nalo likafanya utovu wa adabu uleule.

"Maji," alisema, ingawa jikoni hakukuwa na mtu ila mjukuu wake wa miezi minne, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka akipigana na miguu yake mwenyewe. "Mwanamke huyu anamtilia mtoto wake maji."

Jina la Bi Kucha hakupewa na wazazi. Alipewa na wauza maziwa wenzake, kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyanunua maziwa ya ng'ombe kwa wafugaji na kuyatembeza nyumba kwa nyumba, na hakuna mfugaji aliyewahi kumpitishia yaliyochanganywa. Hakuhitaji chombo cha kupimia. Tone likituama juu ya kucha na kushuka taratibu, likiacha njia nyeupe, hayo ni maziwa. Likikimbia, mwenye nalo ni mwizi. Kwa tone moja tu alikuwa amewaaibisha wanaume wazima mbele ya foleni, na wengine hawakumsalimia tena mpaka walipozikwa. Magoti yalipogoma aliacha kazi, akahamia kwa mwanawe na vitu viwili: friji lake refu la biashara na kucha yake.

Sasa friji hilo ndilo lililohifadhi chupa za maziwa aliyojikamua mkwe, mke wa mwanawe. Mkwe alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare, na likizo ya uzazi ilipokwisha alirudi kwenye cherehani yake akiwa na kikasha cha barafu mkononi. Siku ya kwanza alimsimamisha mama mkwe mbele ya friji lake mwenyewe, akamfundisha.

"Mama, haya usiyachemshe. Unaweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, basi. Ukiona mafuta yamejitenga juu usishtuke, zungusha chupa polepole yarudi. Akibakiza, mwaga, usimwekee ya baadaye. Na usiyaweke mlangoni, weka huku nyuma kwenye baridi."

"Mwanangu, mimi nimeuza maziwa kabla mama yako hajakuota."

"Najua mama. Haya ni tofauti kidogo tu."

Tofauti kidogo tu! Maneno hayo yalimkaa Bi Kucha kooni kama mwiba wa samaki. Hata hivyo alifuata masharti, akapasha kwenye bakuli, akazungusha polepole, huku akijiona kama mtu anayecheza mchezo wa watoto. Kilichomtoa kwenye mchezo huo ni wingi. Mwanzoni chupa zilikuwa zikirudi nusu, naye akasema, kwa wema kabisa, kwamba mtoto anabaki na njaa. Tangu siku hiyo zikawa zinarudi zimejaa mpaka shingoni. Mtu mwingine angeshukuru. Lakini Bi Kucha alikuwa ameona wafugaji wengi ambao ng'ombe wao walizidisha maziwa siku moja tu baada ya mteja kulalamika, na alijua wale ng'ombe walikuwa na mkia wa bomba.

Ili asije akamsingizia mtu, aliimimina chupa nzima kwenye sufuria na kuibandika jikoni. Maziwa yakapata moto, yakachemka kwa mapovu madogo yasiyo na nguvu. Hayakuumuka. Alipoyaepua hayakufunga utando. Chini yalikuwa na rangi ya samawati kama maji yaliyooshewa shati jeupe.

"Maziwa gani haya?" aliiuliza sufuria.

Na hapo hasira ikageuka hofu. Mkwe mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba bomba la kiwandani hutoa maji yenye kutu, na wafanyakazi huja na maji yao kutoka nyumbani. Ikiwa ndiyo hayo anayajazia chupa, basi tumbo la mtoto lilikuwa linamiminiwa kutu kila siku. Bi Kucha aliyamwaga yote kwenye sinki, ya sufuriani na ya chupa zilizobaki, akafungulia bomba yaende mbali. Kisha akambeba mtoto akaenda kwa mwanamke aliyerithi njia yake ya maziwa, akadondosha tone juu ya kucha, likatuama kwa heshima. Aliyachemsha mpaka yakaumuka vizuri, akayapoza, akajaza chupa. Mtoto alinyonya akamaliza, akalala fofofo. Bibi alimtazama hadi machozi yakamlenga kwa furaha.

Hakumwambia mtu. Angemwambia mwanawe, ndoa ingeingia ufa, na Bi Kucha hakuwa mama mkwe wa kuvunja nyumba. Alikuwa mama mkwe wa kurekebisha mambo kimyakimya, na hao ndio wabaya zaidi.

*

Jioni mkwe aliingia, akaweka kikasha chini, akaenda kunawa mpaka kwenye viwiko kabla hata hajamgusa mwanawe. Alikausha mikono, akazitoa chupa moja moja, akabandika kwenye kila moja kipande cha plasta chenye tarehe. Nyuzi za kitambaa cha buluu zilikuwa zimemnasa kwenye nywele.

"Amemaliza zote?" aliuliza.

"Zote."

"Hakubakiza?"

"Hata tone."

Mkwe akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyeambiwa amefaulu mtihani, na Bi Kucha alilichukia kwa sababu alidhani anajua limetoka wapi.

"Naona na leo umezijaza."

"Ndiyo mama."

"Na juzijuzi hapa zilikuwa nusu."

"Si ulisema anabaki na njaa? Nimepata namna."

"Namna," alirudia Bi Kucha. "Mungu akuzidishie namna."

"Amina," alijibu mkwe, bila kuona kisu.

Chakula kilipotengwa mkwe alikula kwa pupa, akaongeza, akakomba sufuria. Mumewe, fundi wa milango ya chuma, alimtania kwamba siku hizi anakula kama mpiga debe. Akacheka, akafuta sahani kwa kidole. Bi Kucha alijisemea moyoni: mwongo, na ulafi juu.

*

Siku zilizofuata Bi Kucha aliendelea na ya ng'ombe. Mtoto alianza kwa kukosa choo, akijikaza na kuwa mwekundu mpaka mishipa ya utosini ikasimama. Baadaye choo kikafunguka, tena vibaya, na asubuhi moja mkwe alipofungua nepi akaona nyuzi za damu. Hakupiga kelele. Aliikunja nepi kama ilivyo, akaitia kwenye mfuko, akampigia simu msimamizi wake. Sauti ya msimamizi ilisikika mpaka chumba cha pili: cherehani haisubiri mtu, mtoto ana bibi na ana baba, na wasichana wanaotaka nafasi hiyo wamejaa getini. Mkwe akasema, "Nimesikia bosi," akakata simu na kutafuta viatu.

Walikwenda wote wanne. Kliniki ilikuwa imejaa, akina mama wamebanana kwenye mabenchi na watoto mapajani, wanaulizana umri na meno. Nesi aliyewaita alikuwa ndiye yuleyule aliyemfundisha mkwe mambo ya chupa na barafu. Alipokea nepi, akaitazama, akambonyeza mtoto tumbo. Meza yake ilitenganishwa na mabenchi kwa pazia tu, tena fupi.

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu," alisema mkwe. "Nikiwepo ananyonya, nikiwa kazini nakamua."

"Unayahifadhi nilivyokuelekeza?"

"Vilevile. Nanawa, naweka kwenye barafu, nikifika kwenye friji."

Bi Kucha alikuwa amenyamaza njia nzima. Alikuwa amekusudia kunyamaza hata zaidi. Lakini kumsikia mwanamke huyu akiulizwa na kujibu kwa sauti ya mwanafunzi hodari, na mtoto anatoka damu, kulimshinda.

"Muulize anatia maji gani," alisema.

Nesi akainua macho. "Maji?"

"Anajazia chupa maji. Maziwa yake nimeyapima mwenyewe. Hayatuami kwenye kucha, hayaumuki, hayafungi utando. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, sihitaji mashine. Huyu mtoto anaumwa na maji ya bomba la kiwandani."

Mabenchi yakanyamaza nyuma ya pazia. Mkwe alimgeukia mumewe, akamngoja aseme neno moja, lolote, hata la kumkemea mama yake kwamba hapa si mahali pake. Mume alikuna kidevu.

"Umetia maji?" aliuliza.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaka kujua ukweli ili asaidie, na upole huo ndio uliofanya lisisahaulike. Mkwe alimkabidhi mtoto kwa nesi. Akafungua vifungo vya blauzi, mbele ya mume, mbele ya pazia fupi na viatu vya watu chini yake.

"Lete kucha yako, mama."

"Mwanangu, hapa..."

"Lete kucha."

Akaushika mkono wa mama mkwe, akalinyoosha dole gumba, akakamua. Tone likaangukia katikati ya kucha, la moto bado. Likakimbia. Halikusita, halikuacha alama. Mkwe akakamua la pili, likakimbia vilevile, na la tatu, mpaka kiganja cha Bi Kucha kikalowa.

"Haya niambie," alisema. "Maji nimetilia wapi?"

Bi Kucha aliitazama kucha ambayo haikuwahi kumdanganya. Akatafuta kiti na kukalia ukingo wake.

"Bibi," nesi alisema, "maziwa ya mtu ni mepesi. Si ya ndama, ni ya mtoto. Hayawi mazito kama ya ng'ombe, na hiyo rangi ndiyo rangi yake." Akamweka mtoto begani. "Ulipoona ni maji, ulifanya nini nayo?"

Bi Kucha aliipangusa kucha kwa pindo la nguo.

"Ulimpa nini huyu mtoto?"

"Ya ng'ombe," alisema, kwa sauti ndogo. "Safi. Niliyapima."

Nesi akaeleza kwamba matumbo ya mtoto mdogo hivyo hayayawezi, mara nyingine huchubuka yakavuja damu. Alieleza bila ukali. Mkwe hakuwa anamsikiliza yeye.

"Na yangu?" aliuliza. "Mama, yangu uliyapeleka wapi?"

"Nilimwaga."

"Yote?"

"Yote. Kwenye sinki."

Mkwe akahesabu kitu kichwani. Kisha akaanza kusema, wala hakumsemesha mtu, alikuwa kama anayesoma ukutani. Alisema mapumziko ya kiwandani ni mafupi na huwezi kula na kukamua, lazima uchague moja. Alisema yeye alichagua. Hujifungia kwenye stoo ya vitambaa wenzake wakila, anasikia vijiko, na msimamizi anagonga mlango akiuliza kama humo ndani kuna ng'ombe. "Nikajaza chupa," alisema. "Nikasema mama atafurahi."

Mumewe akanyoosha mkono kumgusa bega. Alijitoa, akaanza kufunga vifungo.

*

Mtoto alilazwa, akanyonya kwa mama yake tu, na kidogo kidogo choo kikarudi kuwa choo. Wagonjwa wa wodi hiyo ni wadogo na hupona upesi wakipona. Kazi nayo haikupotea, ingawa msimamizi alimhamishia mkwe kwenye cherehani ya kushona mifuko ya suruali, ambayo malipo yake ni madogo na hakuna anayeitaka. Aliipokea.

Nyumbani Bi Kucha alimsubiri siku mkwe alipokuwa peke yake jikoni.

"Mwanangu, nisamehe. Nilidhani..."

"Najua ulivyodhani, mama." Mkwe hakugeuka kutoka kwenye sinki. "Kosa la maziwa nimeshasamehe. Hukujua, hata mimi sikujua mpaka nilipofundishwa. Lakini ulinidhania mimi. Kwamba naweza kumnywesha mwanangu kutu ili nikufurahishe wewe."

Husemwa mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Bi Kucha hakuona pa kuchutamia.

Mwisho wa wiki mwanawe alirudi kutoka karakana na drili, komeo la chuma na kufuli dogo. Alipiga magoti mbele ya friji la mama yake, akatoboa mlango, akatoboa ubavu, akafunga komeo kwa skurubu, akapulizia vumbi. Mlango wa juu, wa barafu na mboga, aliuacha. Alifunga huu wa chini, wa chupa.

"Ni kwa muda tu, mama," alisema, akiangalia skurubu.

"Friji hili nililinunua mimi."

"Najua."

"Ulisoma kwa friji hili."

"Najua, mama. Usinifanye niseme."

Tangu kliniki mkewe alikuwa akilala amempa mgongo, na fundi milango hakuwa na ujuzi mwingine wa kuomba radhi ila chuma. Alimfungia mama yake ili yeye afunguliwe. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja mkwe aliutia kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Mwingine alipewa msusi wa nyumba ya jirani, ambaye kwa malipo kidogo angekuja saa za kula, apashe chupa, amnyweshe mtoto, afunge, aondoke.

Msusi alikuwa na adabu zote. "Shikamoo bibi, wewe pumzika tu," alikuwa akisema akipita na bakuli la maji ya uvuguvugu, na Bi Kucha alikaa kwenye kiti akipumzika mpaka mifupa ikamuuma. Aliruhusiwa kumwogesha mtoto, kumbembeleza, kufua nepi zake. Kila kitu isipokuwa chupa. Majirani walijua. Viatu vile chini ya pazia vilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na midomo.

*

Mchana mmoja msusi hakutokea. Alikuwa amepata kichwa cha bibi harusi, kazi ya kutwa nzima, na simu yake ilikuwa inaita bila kupokewa. Mtoto aliamka na njaa. Alianza kwa kunung'unika, akaonja ngumi yake, akagundua si yenyewe, akaangua kilio.

Bi Kucha alimbeba, akamrusharusha, akamwimbia. Alimpa kidole, akakitema kwa hasira. Akatembea naye mpaka mbele ya friji na kusimama. Husemwa majuto ni mjukuu. Yeye alikuwa amewapakata wote wawili. Ndani ya mlango ule, nyuma kabisa kwenye baridi, chupa zilikuwa zimejipanga na plasta zao, na aliweza kuusikia mtambo ukinguruma ukizitunza. Alilishika kufuli, akalivuta. Nyundo ilikuwa chini ya kabati, na komeo la mwanawe angelivunja kwa pigo moja. Aliifikiria nyundo kwa muda mrefu. Duka la maziwa ya pakiti lilikuwa mlango wa nne. Hilo alilifikiria kwa muda mfupi, akatetemeka.

Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka.

Kiwanda kilikuwa ng'ambo ya soko, mwendo mfupi kwa mwenye magoti. Bi Kucha aliushika ukuta, akashika nguzo, akamshika bega mtu asiyemjua ili avuke mtaro. Mtoto alilia njia nzima, na watu waligeuka kumtazama bibi anayemtesa mtoto wa watu juani. Alipofika getini alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Bibi, hapa si kliniki," mlinzi alisema.

"Niitie mama yake. Mwambie mtoto ana njaa."

"Nyumbani hakuna chakula?"

"Kipo," alisema Bi Kucha. "Kipo kingi. Niitie mama yake."

Mlinzi alimtazama mtoto, akaingia. Mkwe alitoka akikimbia, uso umempauka, akidhani ni damu tena. Alipoelewa, alimchukua mtoto bila neno, akaenda nyuma ya kibanda cha mlinzi, akafungua vifungo akiwa amesimama wima. Kilio kikakatika ghafla. Msimamizi alichungulia mlangoni akapaza sauti kwamba dakika hizo atazikata, na mkwe hakugeuza hata shingo. Mabegani alikuwa na mavumbi ya kitambaa. Shati la kiwanda lilikuwa na alama mbili za unyevu kifuani, maana maziwa yalikuwa yametangulia kusikia kilio.

Bi Kucha alisimama mbele yake akitazama shavu la mjukuu likipanda na kushuka. Kando ya shavu hilo, kwenye uzi, ulining'inia ufunguo.

"Msusi hakuja," alisema.

"Nimeona."

"Ningeweza kuyapasha mwenyewe." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Bakuli la maji ya uvuguvugu. Sichemshi. Nikiona mafuta juu, nazungusha polepole. Akibakiza, namwaga, simwekei ya baadaye." Alikuwa anayasema moja moja, bila kukosea, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau. "Ningeweza."

Mkwe alimsikiliza mpaka mwisho. Usoni mwake kitu kililegea, Bi Kucha akakiona, na moyo ukamruka. Mtoto akaachia, ameshiba, kidevu kimelowa. Mkwe akampangusa kwa kiganja, akambusu utosini, akamrudisha mikononi mwa bibi yake.

"Najua unaweza, mama," alisema. "Nitamwambia msusi asichelewe."

Akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka cha juu, ufunguo ukiwa ndani, akarudi kwenye cherehani yake.